Kabla watoto hawajalala kwenye tela la kukunja

Watoto waliingia wa kwanza, na mama ndiye aliyewatoa.

Tuchukue mfano wa familia yenye asili ya Afrika Mashariki inayoishi Minnesota, Marekani. Wako baba, mama na watoto wawili, na yule mdogo ana pumu. Oktoba walinunua kwa mtu tela la kulala linalokunjwa, lililokwisha kutumika miaka kadhaa. Limekaa nyuma ya nyumba majira yote ya baridi. Sasa ni Mei, theluji imeyeyuka, shule zinakaribia kufungwa na watoto wanahesabu siku za kwenda kupiga kambi. Baba anainua paa, watoto wanaingia mbio. Mama anachungulia mlangoni na harufu inampokea: ile ya nguo iliyosahaulika kwenye beseni siku tatu.

"Tokeni nje kwanza," anawaambia.

"Mama watoto, hiyo ni harufu ya kufungiwa tu," baba anasema. "Tukifungua madirisha itaisha."

"Baba watoto, huyu mtoto anatembea na dawa yake ya kuvuta. Simlazi humu mpaka nijue harufu inatoka wapi."

Mama ana haki ya kuuliza. Tela la aina hii lina kuta ngumu, si za turubai. Likikunjwa ni kama sanduku bapa lenye magurudumu, linaingia hata kwenye banda la gari. Likifunguliwa, vipande viwili vya paa vinasimama na kuegemeana kama paa la kibanda, kisha kuta mbili za pembetatu zinainuliwa kuziba ubavu wa kulia na wa kushoto. Kampuni kama Aliner za Marekani zimeyatengeneza kwa miaka mingi. Ni mepesi, na gari dogo linaweza kuvuta baadhi yake.

Lakini kitu kinachokunjwa huficha. Nyumba ikivuja, doa unaliona darini. Tela likivuja limekunjwa, maji, ukungu na panya vinakaa gizani miezi sita bila mtu kujua. Ndiyo maana ukaguzi hufanyika nyumbani, wiki kadhaa kabla ya safari.

Maji yanapopita

Sehemu zinazovuja zaidi ni zile zinazokutana au kujongea: juu kabisa ambapo vipande viwili vya paa vinaegemeana, kwenye bawaba, kwenye kona, na kuzunguka madirisha na tundu la hewa la paani.

Njia rahisi ya kupata tundu inahitaji watu wawili. Mmoja anakaa ndani na tochi, mwingine anamwagilia kwa mpira wa bustani, maji ya taratibu, akianzia chini na kupanda juu kidogo kidogo. Ukianzia juu, maji yanateremka kila mahali na hutajua yameingilia wapi. Mashine za kuoshea magari kwa presha zisitumike, zinaweza kusukuma maji hata pale palipokuwa pazima.

Raba za kuzuia maji zioshwe kwa sabuni isiyo kali na kuchunguzwa. Iliyopasuka au kuwa ngumu ibadilishwe. Usizipake grisi ya kawaida, kwa sababu mafuta ya jamii ya petroli huvimbisha na kulegeza raba. Tumia kilainishi kilichotengenezwa kwa ajili ya raba.

Penye gundi ya zamani, kwangua yote kwanza. Watu wengi hupaka silikoni mpya juu ya ile iliyochoka, kisha wanashangaa mvua ya pili ikivuja palepale. Silikoni mpya haishiki vizuri juu ya silikoni kuukuu.

Baada ya hapo kagua sakafu. Vua viatu, tembea polepole, hasa kwenye kona na chini ya vitanda. Penye kubonyea, plaiwudi imeoza. Bonyeza pia kuta kwa kidole gumba karibu na madirisha. Kipande kidogo kilichooza kinaweza kukatwa mpaka kwenye mbao kavu, pakaachwa pakauke kabisa, kisha kikawekwa kipya. Kufunika kwa zulia si matengenezo. Na kama uozo umefika bawaba zinapojishikiza, hiyo ni kazi ya fundi, maana hapo ndipo uzito wa paa unapoegemea.

Ndani ya tela la familia yetu, harufu ilitoka chini ya kitanda cha nyuma. Raba ya kona ilikuwa imechanika kwa urefu wa kidole, na godoro lilikuwa na ukungu mweusi upande wa chini. Godoro la sponji lililoingia ukungu halisafishiki likaaminika, hutupwa. Kwa mtoto mwenye pumu, chembe za ukungu zinaweza kuamsha kikohozi na kubanwa kifua usiku uleule wa kwanza, mkiwa porini mbali na hospitali.

Kanuni ya kukumbuka ni hii: kilicholowa kikaushwe ndani ya saa 24 hadi 48, kabla ukungu haujaota. Mkilazimika kukunja tela kwenye mvua, mkifika nyumbani lifunguliwe tena lipate hewa, hata kama mmechoka.

Kinyesi cha panya hakifagiliwi

Mzazi akikuta vipunje vyeusi kabatini, mkono wa kwanza huenda kwenye ufagio. Hapo ndipo pa kusimama.

Marekani Kaskazini kuna panya wa porini wanaobeba virusi vya hanta. Mtu huambukizwa hasa akivuta vumbi lenye mkojo, mate au kinyesi cha panya hao. Dalili huanza wiki 1 hadi 8 baadaye: homa, uchovu na maumivu ya misuli, kisha kikohozi na kupumua kwa shida. Ugonjwa huu hutokea kwa nadra, ila wanaofikia hatua ya kushindwa kupumua, zaidi ya mmoja kati ya watatu hufariki.

Mwaka 2012, katika hifadhi ya Yosemite, California, wageni 10 waliugua na 3 walifariki. Wengi wao walikuwa wamelala kwenye vibanda vya hema vyenye kuta mbili, na panya walikuwa wamejenga viota katikati ya kuta hizo. Tela lililokunjwa nalo lina nafasi za namna hiyo, kavu na zilizofichika.

Fungua mlango na madirisha, ondokeni hapo kwa dakika 30. Vaa glavu za mpira. Changanya dawa ya klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa maji sehemu 9, nyunyiza kwenye kinyesi na viota mpaka vilowe, subiri dakika 5. Futa kwa karatasi, funga kwenye mfuko, tupa. Kisha piga deki kwa dawa hiyohiyo. Hakuna kufagia, hakuna mashine ya kuvuta vumbi, na watoto wakae mbali kabisa na kazi hii.

Ukimaliza, tafuta mlango wao. Panya mdogo hupita kwenye tundu dogo sana, hasa pale nyaya na mabomba yanapopenya sakafu. Ziba kwa nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, kisha gundi juu yake.

Gesi isiyonuka

Wazazi wa Afrika Mashariki wanazijua habari za jiko la mkaa lililoingizwa chumbani usiku wa baridi, asubuhi watu hawakuamka. Gesi inayoua hapo, kaboni monoksidi, ndiyo inayoweza kujaa kwenye tela dogo lenye hita au jiko la gesi lisilowaka vizuri. Haina rangi wala harufu. Watoto hupumua kwa kasi kuliko wakubwa, hivyo huweza kuathirika mapema zaidi.

Tela huwa na ving'ora vya kutambua hewa hizi. Kile cha gesi ya kupikia hufungwa karibu na sakafu, kwa kuwa gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na hutuama chini. Kigeuze kila kimoja nyuma usome tarehe, kwa sababu ving'ora huchakaa. Vingi hudumu miaka 5 hadi 10 kutegemea aina, na kwenye tela lililonunuliwa mkononi mwa mtu mara nyingi muda umekwisha. Kubonyeza kitufe na kusikia mlio hakutoshi kama tarehe imepita.

Fungua mtungi, paka maji ya sabuni kwenye kila maungio ya bomba. Pakitoa mapovu, funga mtungi na muite fundi wa gesi. Kiberiti kisitumike kupima. Angalia pia tundu la nje la kutolea moshi wa hita: buibui na nyigu hupenda kujenga humo, na moshi ukikosa njia unaweza kurudi ndani.

Jiko la kupikia lisitumike kupasha joto chumba. Na usiku wowote ambapo watu wawili au zaidi wanaumwa kichwa, wana kizunguzungu au kichefuchefu kwa pamoja, msijadiliane kama ni mafua. Tokeni nje wote, ndipo mpige simu ya dharura. Marekani ni 911.

Paa, vidole na upepo

Springi ndizo zinazosaidia kuinua paa. Paa likianza kuwa zito kuliko mwaka jana, au likishuka ghafla, springi imechoka. Usiifungue mwenyewe, ina nguvu iliyobanwa ya kumvunja mtu mkono. Bawaba zisafishwe kutu na vumbi, skrubu zilizolegea zikazwe.

Wakati wa kufungua na kufunga, watoto wasimame mahali pamoja panapoonekana. Vidole vidogo hupenda kushika ukingo wa paa. Paa lisiinuliwe penye upepo mkali, na likishasimama vyuma vya kulishikilia vifungwe kabla mtu hajaingia.

Chini ya tela

Tairi za tela mara nyingi huzeeka kabla ya kuisha, kwa kuwa zinasimama zaidi ya zinavyotembea. Pembeni pana tarakimu 4 za mwisho baada ya herufi DOT. Zikiwa 2318, tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2018. Mafundi wengi hushauri kubadilisha baada ya miaka 5 au 6, hata kama meno yangalipo. Nunua tairi za tela zenye alama ST, na upepo ujazwe kama kibandiko cha tela kinavyosema.

Beringi za magurudumu zipakwe grisi mpya mara moja kwa mwaka. Kila mkisimama njiani, sogeza mkono karibu na kitovu cha gurudumu bila kukishika. Kikiwa na joto kali kuliko mwenzake, beringi au breki ya upande huo ina tatizo. Nati zikazwe tena baada ya maili 50 za kwanza kila gurudumu linapofunguliwa.

Mizigo nayo ipangwe. Asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela zima ikae kwenye ndoano ya gari. Ukijaza nyuma, tela litayumba barabarani.

Tangi la maji

Kwa tangi la lita 57, changanya robo kikombe cha klorini isiyo na manukato kwenye maji, jaza, fungua kila bomba mpaka unuse klorini, acha usiku kucha, kisha suuza mpaka harufu iishe. Kabla ya baridi kuja, mabomba yamwagwe maji yasipasuke. Dawa ya kuzuia kuganda iwe ile ya waridi iliyotengenezwa kwa mabomba ya maji ya kunywa. Ile ya injini ya gari ni sumu na ina ladha tamu, isikae mahali mtoto anapofika.

Familia yetu ya mfano iliahirisha safari kwa wiki tatu. Baba alibadilisha raba, akakata kipande cha sakafu na kununua ving'ora vipya. Mama alitupa godoro. Kisha, badala ya kwenda moja kwa moja porini, walilala usiku mmoja kwenye tela palepale nyuma ya nyumba, hita ikiwaka, mlango wa jikoni ukiwa hatua kumi tu.

Saa nane usiku mama aliwasha tochi, akasikiliza kifua cha mdogo. Kilikuwa kinapanda na kushuka bila mluzi. Akazima tochi.

"Vipi?" baba akauliza gizani.

"Tunaweza kwenda."