Funguo za Aliyeondoka

Wiki hii kijana wetu mmoja anayesomea kompyuta aliniuliza: "Mjomba, kazi yako hasa ni nini, mbona saa nane za usiku uko macho?" Nikamjibu kwa kisa.

Mimi hutunza seva. Nikiwa sebuleni kwangu hapa Jumeirah Village Circle naweza kuwasha seva iliyo mbali, hata kama mfumo wake umekufa. Ndani yake mna kifaa kidogo cha usimamizi: Dell wanakiita iDRAC, HPE wanakiita iLO. Anayeingia humo ni kama amesimama mbele ya mashine yenyewe.

Mahali nilipokuwa zamani, kila kifaa kilikuwa na orodha yake ya watumiaji. Mwenzetu alimaliza mkataba akarudi Tanga, na hakuna aliyepita seva moja moja kumfuta. Miezi minne baadaye seva ikazimwa usiku, na kumbukumbu zikaonyesha jina lake. Akapigiwa simu kama mwizi. Kumbe sisi tuliobaki ndio tuliokuwa tukitumia nywila yake, kwa uvivu wa kuomba zetu. Nami nilikuwa mmoja wao. Nilimwomba radhi, lakini jina lilishachafuka.

Dawa yake ni kuunganisha vifaa hivyo na saraka ya watumiaji, kama Active Directory, au nyingine inayotumia LDAP. Kila mtu anaingia kwa jina lake. Haki zinapewa vikundi: hawa watazame tu, hawa wawashe na kuzima, hawa wasimamie yote. Mtu akiondoka, unafunga akaunti moja, na akijaribu kuingia popote anakataliwa.

Ila angalia mawili. Mawasiliano na saraka yafichwe kwa usimbaji. Kwa kawaida ni mlango wa 636, si 389. Pili, bakiza akaunti moja ya ndani, yenye nywila ndefu iliyofungiwa kwenye sefu, kwani saraka nayo huweza kulala, na siku hiyo ndiyo utakayohitaji kuingia.

Nanyi mnaofanya kazi ugenini, siku ya kuondoka msidai kiinua mgongo tu. Ombeni kwa maandishi kwamba akaunti zenu zifungwe. Mlango ukifungwa nyuma yako, hakuna atakayesema ulirudi usiku.