Tusimkatie Mtoto Tiketi

Sisi wazazi wa Afrika Mashariki tunaoishi Gahanna, jirani na Columbus, Ohio, hatuko mbali na uwanja wa ndege. Ni mwendo wa dakika chache kwa gari. Kijana akiwaambia wazazi wake kwamba yeye ni shoga, jamaa hawakawii kutoa shauri: "Mrudisheni nyumbani akakae na babu yake, atanyooka." Bila shaka wenzetu wa Louisville na Buffalo nao wanalijua shauri hilo.

Uchungu wa wazazi hao tunauelewa. Tumelelewa msikitini na kanisani, na hatumtaki mtu ageuze imani yake kwa siku moja. Tunauliza tu: huko nyumbani kuna nini?

Tanzania, Kanuni ya Adhabu inatoa kifungo kisichopungua miaka 30, na chaweza kuwa cha maisha, kwa mapenzi ya jinsia moja baina ya wanaume. Kenya ni miaka 14, na Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuifuta sheria hiyo. Uganda, sheria ya mwaka 2023 imeweka hata adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa. Mzazi anadhani anampeleka mtoto kwa babu, kumbe anamsogeza kwenye mlango wa gereza.

Tutazame mzazi mmoja wa hapa hapa Ohio. Machi 2013, Seneta Rob Portman wa chama cha Republican, muumini wa kanisa la Methodisti, aliandika katika gazeti la Columbus Dispatch kwamba mwanawe Will aliwaambia yeye na mkewe mwaka 2011 kuwa ni shoga. Huyu ndiye aliyepiga kura mwaka 1996 kuunga mkono sheria ya kutozitambua ndoa za jinsia moja. Msimamo wake haukubadilika siku ile. Ilimchukua miaka miwili, akizungumza na mchungaji wake na viongozi wengine wa dini. Lakini katika miaka yote hiyo miwili, mwana alibaki kuwa mwana.

Nao utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2009 ulionyesha kuwa vijana waliokataliwa vikali na familia zao kwa sababu hii walikuwa zaidi ya mara 8 katika hatari ya kujaribu kujiua, kuliko wale ambao hawakukataliwa au walikataliwa kidogo.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Baada ya kikao, shehe, mchungaji na shangazi watarudi makwao. Atakayebaki akiitazama simu isiyolia ni mama na baba.

Basi dua ziombwe, maswali yaulizwe, na machozi yakitoka yatoke. Lakini hayo yote yafanyike mtoto akiwa ndani ya nyumba, ameshakula, na pasipoti yake anayo mwenyewe.