Simu Mbili, Alfajiri Mbili

Twaingia katika suala tulilopelekewa na baba mmoja mwenye nyumba. Asema kwamba Ramadhani iliyopita simu yake iliadhini Alfajiri, naye akaweka kikombe chini. Mwanawe akaendelea kula daku, kwa hoja kuwa simu yake yeye imebakisha dakika 12. Baba akamkaripia, mwana akajibu kuwa kompyuta haikosei hisabu. Sasa baba ataka kujua ni ipi katika simu mbili hizo iliyosema kweli.

Jawabu letu ni kwamba zote mbili zilihisabu sawasawa. Lililokhitilafiana ni kile zilichopewa kukihisabu. Na hili ndilo jambo la msingi ambalo wanafunzi husomeshwa katika mlango wa kwanza wa elimu ya kompyuta. Sisi wazee nasi yatupasa tulijue, kwani ndani yake mna saumu na sala.

Data ni mchele usiopikwa. Mtu akikutajia 39 peke yake, hujui kama ni miaka, ni shilingi, au ni watu waliokuja Ijumaa. Lakini akikwambia kuwa Mombasa iko digrii 39 na theluthi mbili mashariki ya mstari wa Greenwich, na digrii 4 hivi kusini ya Ikweta, hapo nambari imepata maana, imekuwa khabari. Kompyuta ndiyo ipikayo mchele huo, na simu ya mkononi nayo ni kompyuta. Hupokea data, huifanyia kazi kwa kanuni zilizopangwa hatua baada ya hatua, hutoa matokeo na kuyaweka akiba. Kanuni hizo Wazungu huziita algorithimu, na asili ya neno hilo ni jina la Muislamu, Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9 ya miladi. Vijana wetu walitamkalo kila siku wasidhani kuwa ni neno la kigeni lisilo na nasaba.

Ndani ya tumbo lake kompyuta haina herufi wala sauti. Ina hali mbili tu za umeme, nazo huandikwa 1 na 0. Waliosoma hisabu ya abjadi hawatastaajabu. Wazee waliipa alifu 1 na be 2. Wataalamu wa kompyuta wameipa alifu 1575 na be 1576, kisha nambari hizo huandikwa kwa 1 na 0 peke yake, hata alifu ikawa 11000100111. Sauti ya adhana na picha ya Al-Kaaba nazo huingia kwa mlango huo huo.

Natuirudie Alfajiri. Jua, kwa tulionavyo sisi, hukata digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii moja kwa kila dakika 4. Alfajiri ya kweli hutoka jua lingali chini ya upeo wa macho, na hapa ndipo panapoingia khitilafu: liwe chini kwa kiasi gani? Rabita ya Makka hufuata digrii 18. Hisabu ya Misri ni digrii 19 na nusu. Jumuiya ya Waislamu wa Marekani ya Kaskazini hufuata digrii 15. Kati ya 18 na 15 mna digrii 3, na huku kwetu karibu na Ikweta digrii 3 ni dakika 12 au 13. Basi hizo ndizo dakika 12 za mwana! Yaelekea simu yake ilihisabu kwa pembe ya watu wa Marekani, na hapana aliyeiuliza.

Tena pana mahali. Mombasa na Nairobi zimeachana kwa karibu digrii 3 za mashariki na magharibi, na kwa hivyo jua hutua Mombasa mbele ya Nairobi kwa kama dakika 11, zikizidi na kupungua kwa majira. Mtu aliyehamia Nairobi, na simu yake ikabaki na Mombasa, atafuturu jua halijatua. Simu haitamwonya, kwa kuwa haina khabari ya kuwa amehama. Na Alasiri pia ina lake: madhehebu yetu ya Shafi hungoja kivuli cha kitu kiwe mfano wake mmoja, baada ya kutoa kivuli cha adhuhuri, na Hanafi hungoja mifano miwili. Ni neno moja la kuchagua ndani ya programu, na wengi hawajapata hata kulifungua.

Wako wadhanio kuwa adhana ya simu yaletwa kutoka Makka. Sivyo. Simu hujua mahali ilipo kwa kusikiliza setilaiti zisizopungua nne, zilizo juu kwa kama kilomita 20,000. Kisha ikishajua tarehe, huhisabu yenyewe, hata pasipo mtandao.

Mtandao ni kazi nyingine, ni kuunganisha kompyuta na kompyuta ili zipelekeane data. Ujumbe haupiti mzima. Mfano wake ni khitma: msahafu hugawanywa juzuu 30, kila mtu akashika yake, na aliyemaliza mwanzo huenda akawa mwenye juzuu ya 20. Hapana tabu, kwani kila juzuu ina nambari. Vivyo hivyo ujumbe hukatwa vipande vyenye nambari, vikapita njia mbalimbali, na ufikapo hupangwa upya. Kilichopotea huombwa tena. Waya wa TEAMS, ulioanza kazi mwaka 2009, hulala chini ya bahari kutoka Fujairah hadi Mombasa, karibu na njia ya majahazi ya wazee wetu. Mwezi wa Mei 2024 nyaya nyingine mbili za pwani hii, EASSy na SEACOM, zilikatika, na mtandao ukadhoofika Kenya na Tanzania.

Lakini programu iliyopewa kujua mahali ulipo yaweza pia kumpelekea mwingine khabari hiyo. Mwezi wa Novemba 2020 ilitangazwa katika magazeti ya Marekani kuwa programu moja mashuhuri ya nyakati za sala ilikuwa ikiwapa wafanya biashara ya data, kampuni ya X-Mode, mahali walipo watumiaji wake, na kwamba miongoni mwa wateja wa kampuni hiyo walikuwamo makandarasi wa jeshi la Marekani. Wenye programu wakasema wamekata uhusiano. Januari 2024 serikali ya Marekani ikaikataza kampuni hiyo kuuza data ya mahali penye siri za watu, nyumba za ibada zikiwamo. Kwa hivyo twaona ni bora mtu auandike mji wake kwa mkono, kisha azime ruhusa ya mahali.

Kwa baba aliyetuuliza: hata watakapopatana, nyumba nzima ijizuie kwa simu ya mwanzo na isali kwa ya pili, kwani hiyo ndiyo tahadhari. Kisha waketi pamoja, wafungue mipangilio, waandike mji mmoja na pembe moja, ile ifuatwayo na msikiti wa mtaa wao. Alasiri wajaribu wenyewe kwa kijiti cha mita moja kilichosimamishwa wima uani. Adhuhuri watie alama mwisho wa kivuli na kukipima, waongeze mita moja juu ya kipimo hicho, na kivuli kinapofikia urefu huo, mwana atazame simu yake inasemaje.