Kobalti inaonekana mu seli, lakini namba yetu iko wapi?

Ndugu wafanyakazi, ba mama na vijana wa Kolwezi, wa Fungurume na wa Kakanda, kila mwaka tunaitwa ku vizite ya munganga. Wanatuvuta damu, wanatupatia kachupa ka kutia mukojo, wanatupiga picha ya kifua. Kisha siku chache, wengi wetu tunapewa karatasi yenye neno moja: «apte». Maana yake unaweza kuendelea na kazi. Damu ilisema nini? Mukojo ulisema nini? Ile inabakia mu dosiye, na dosiye inafungiwa mu kabati.

Leo tunataka kusema juu ya kitu kidogo sana, chenye wengi wetu hatujakiona na macho, lakini kinatugusa. Kijana mumoja, mutoto wa mwenzetu wa kazi, anasoma biolojia ku Lubumbashi. Wakati alirudia mu konje, alituonyesha ku telefone karatasi ya kutangazia kitu cha laboratwari: antikori ya kutafutia protini inaitwa HIF-1 alfa mu seli za mutu. Mu ile karatasi mulikuwa picha yenye nafasi mbili. Nafasi ya kwanza ni seli zenye hazikupewa kitu: hakuna alama. Nafasi ya pili ni seli zile zile kisha kutiwa chumvi ya kobalti kwa masaa machache: alama nyeusi, nzito. Tukamuuliza: kobalti gani, hii yetu? Akajibu: «Ba papa, kobalti ni kobalti.»

Tuieleze polepole, kwa maana si ngumu. Antikori, wengine wanasema kingamwili, ni askari wa mwili. Kila mumoja anajua kukamata kitu kimoja tu. Wenye kuzitengeneza wanachukua kipande cha ile protini, wanapiga sungura ao panya shindano, mwili wa munyama unatoa askari, kisha wanawachukua na kuwasafisha. Ku laboratwari wanawamwanga juu ya protini za seli, na wanatumia dawa yenye kuangaza ao kugeuza rangi. Fasi askari ameshikamana, pale njo protini iko.

Na HIF-1 ni nini? Wenye sayansi wanaiita fakteri ya transkripsio. Ni protini yenye inashika ku ADN na kuamsha jeni fulani zifanye kazi. Sisi wa migodi tutasema: ni kapita. Huyu kapita anaangalia kama oksijeni inakosekana. Hewa ikiwa ya kutosha, seli inamuvunja kisha dakika chache tu, hana wakati wa kusema kitu. Hewa ikipunguka, anabakia muzima, anaingia fasi jeni ziko na kutoa amri: tengenezeni damu zaidi, fungueni mishipa mipya. Mu 2019, William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza walipewa tuzo la Nobel juu ya kufunua namna seli zinasikia oksijeni.

Kobalti inaharibu hii mupango. Inazuia wale wenye kazi ya kumuvunja kapita. Basi anabakia pale na kutoa amri za kukosa hewa, hata kama hewa iko tele. Kila mutu mwenye alishaka kushuka chini ya udongo anajua: alarme yenye inalia siku yote bila sababu inachokesha watu, na mwishoni hakuna anayejua cha kuamini. Ndiyo maana ku laboratwari nyingi za dunia, wakitaka kujua kama antikori yao ya HIF-1 inafanya kazi, wanatia seli kobalti. Kobalti imekuwa mwalimu wao. Na karibu robo tatu ya kobalti yote inachimbwa mu dunia inatoka mu Congo, zaidi sana hapa kwetu Lualaba.

Na haiko habari ya jana. Mu miaka ya 1950, waganga wa Ulaya na Amerika walikuwa wanapatia wagonjwa wa kukosa damu chumvi ya kobalti, juu iliongeza damu. Wakaacha, kwa sababu ya madhara yake. Mu 1965 na 1966, ku Québec mu Canada, watu wenye kunywa sana bia yenye ilitiwa kobalti ili povu isimame walikamatwa na ugonjwa wa moyo, na wamoja wakakufa. Mu 2022, shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, lenye liko chini ya OMS, liliweka kobalti ya metali na chumvi zake zenye kuyeyuka mu kundi la vitu vyenye pengine vinaleta kansa kwa mutu.

Sasa tuseme ukweli yote, hata ule wenye hautusaidie. Ku sahani ya laboratwari wanatia kobalti mingi sana, mara mingi mikrogramu karibu 5 900 mu lita moja. Kwa mufanyakazi, wataalamu wa afya ya kazi wa Marekani waliweka kwa miaka mingi alama ya mikrogramu 15 kwa lita ya mukojo, kwenye kupimwa ku mwisho wa zamu, ku mwisho wa juma. Sahani na mwili si kitu kimoja. Ile alama nyeusi ya picha haisemi kama wewe uko mugonjwa. Ku kachupa ka antikori wanaandika wazi kama ni kwa utafiti tu, haiko ya kupima mugonjwa. Na kale kachupa, tone chache tu, kanaweza kufika dola mia kadhaa, mushahara wa mwezi wa wengi kati yetu. Mutu akikuja ku cité kuwauzia «test ya HIF», mumufukuze.

Wakubwa wa kampuni watatuambia: munaona, sahani haiko mutu! Tunakubali. Njo maana tunaomba wapime mutu.

Na kumupima mutu inawezekana, juu walishafanya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walipima mukojo wa watu wa Katanga yetu ya zamani. Mu 2009 waliandika kama kobalti yenye walikuta ilikuwa ya juu kuliko yote iliyowahi kuandikwa kwa watu wa kawaida, wenye hawafanye kazi ya kobalti. Kisha wakakuja Kasulo, hapa Kolwezi, fasi watu walianza mu 2014 kuchimba kobalti chini ya nyumba zao. Mu 2018 walitangaza: watu wa pale walikuwa na kobalti mingi mu damu na mu mukojo kuliko watu wa kartie ya jirani, watoto zaidi ya wakubwa, na ku watoto wakaona alama za ADN kuharibika. Watoto wenye hawajashika hata lapi ya kuchimbia.

Kuko jambo lingine mu ile picha ya kijana wetu. Seli zenye zilitiwa kobalti zinaitwa HeLa. Jina linatoka ku Henrietta Lacks, mama mweusi wa Marekani, mwenye alikufa na kansa mu 1951. Waganga wa Baltimore walichukua seli zake bila kumuomba ruhusa, zikaendelea kuzaana mpaka leo mu laboratwari za dunia yote. Watu wakatajirika, familia haikuambiwa kitu kwa miaka mingi. Ni mu 2023 tu ndipo kampuni moja kubwa ya kuuza vitu vya laboratwari ilipatana na familia yake. Sisi hatutaki kungojea miaka makumi saba. Kitu chenye kinatoka mu mwili wa mutu, habari yake inapashwa kurudia kwa ule mutu.

Basi sisi wa sendika tunaomba nini?

Kwanza, kobalti ipimwe mu mukojo wa kila mufanyakazi wa fasi ya vumbi, ku mwisho wa zamu ya mwisho ya juma. Wasipime wakati mutu anatoka mu konje, juu sehemu kubwa ya kobalti inatoka mu mwili kisha siku chache, na namba itakuwa nzuri ya uongo.

Pili, mufanyakazi apewe namba yake ku karatasi, pamoja na maelezo mu luga yenye anasikia. «Apte» haiko namba.

Tatu, wenzetu wa sutretansi wapimwe sawa na sisi. Wao njo wanafagia, wanapakia mifuko, wanaingia fasi vumbi ni mingi.

Ine, namba isiwe sababu ya kufukuza. Mwenye namba ya juu ahamishwe fasi yenye vumbi kidogo, na mushahara ule ule. Bila ile, watu watakataa kupimwa, na watakuwa na haki. Tunajua wenzetu wenye wanaficha kikohozi juu ya kulinda mukate wa watoto.

Tano, komite ya usalama na usafi, yenye Kodi ya Kazi inaiomba ku kazi, iletewe kila mwaka namba za kila atelye, bila majina ya watu. Kama atelye moja inapanda, tatizo haliko mu mwili wa watu, liko ku mashine ya kuvuta vumbi.

Na familia? Kupima wafanyakazi ni deni la mwenye kazi. Kupima watoto wa kartie ni deni la serikali. Kodi ya Migodi ya 2018 inapatia provense asilimia 25 ya redevance. Vipimo vya watafiti vilifanyiwa Ubelgiji. Tunauliza kwa heshima: mu zile asilimia 25, hamuwezi kutoa mashine moja ya kupima metali, na watu wenye kufundishwa kuitumia, hapa Kolwezi?

Mbele ya ile, kila mumoja anaweza kuanza ku vizite yenye inakuja. Ukitoa kachupa kako, uliza: munapima kobalti? Kama wanapima, uliza namba ngapi, na uiandike. Kama hawapimi, mwambie delege wako. Tutaandika majina ya atelye zenye zimeuliza, na tutaenda nazo pamoja mbele ya wakubwa.