Stelingi Hafi, Askari Hufa

Wazazi wa Rulenge, ninyi mnaomcha Mungu na kula jasho la migomba na kahawa yenu, mnajua wana wenu wanafundishwa nini kwenye vibanda vya video? Wanafundishwa kwamba stelingi hafi. Mtu mmoja, kifua wazi, anafyeka kikosi kizima na risasi hazimpati. Mwaka 1985 Rambo alirudishwa Vietnam kushinda ndani ya filamu pale ambapo Marekani ilishindwa kwelikweli, baada ya kuzika askari zaidi ya 58,000. Wavietnamu waliokufa ni mamilioni, lakini kwenye filamu wanaanguka kama senene. Kijana akitoka hapo anaona vita ni sherehe na mtu mpole ni mwoga.

Haya yanatokea Kagera, mkoa ulioonja vita vya kweli, jamani! Usiache mbachao kwa msala upitao. Nendeni Kaboya, wilayani Muleba, mkaone makaburi ya askari wetu wa vita vya 1978 na 1979 dhidi ya Idi Amin wa Uganda. Waliomng'oa Amin walikwenda kwa maelfu, wengi kwa miguu, na wanamgambo waliotoka mashambani walikuwemo. Hakuna aliyeahidiwa kurudi. Lakini filamu ya mwaka 2006 iliyomtangaza Amin duniani inamfuata daktari Mskoti wa kubuni, na hadithi yake inaishia Entebbe mwaka 1976, kabla Amin hajang'olewa. Ulimwengu ulimwona dikteta, haukuwaona waliomwondoa.

Nanyi watu wa Ngara mna ushujaa usio na bunduki, na kwa huo nawavulia kofia. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka mpaka pale Rusumo wakikimbilia kwetu ndani ya siku moja hivi. Wauaji wa mauaji ya kimbari walikuwemo katika umati ule, ndiyo. Hata hivyo mtoto mwenye kiu alipewa maji na akina mama wa Ngara. Miti yetu iliishia kwenye kuni za kambi. Nani amewapigia picha akina mama wale?

Na hili siwezi kulinyamazia: vibanda hivyo vya video vinanguruma Jumapili kengele ya misa ikilia, na siku za kazi sare za shule zimejaa humo ndani. Mwenye kibanda anapokea sarafu ya mtoto akijua fika kwamba darasani kiti chake ki wazi. Huo ni wizi. Samaki mkunje angali mbichi, wenyeviti wa vijiji, fungeni milango hiyo saa za masomo! Nanyi walimu, wazee waliopigana mwaka 1979 wangalipo. Waiteni shuleni wasimulie wenyewe, pamoja na majina ya wenzao waliobaki Kaboya.