Tarehe 5 Februari si ya fulana za kijani tu

Nimeadimika, kazi za gazeti zimenibana. Leo nina jambo moja tu linalonikereketa.

Juzi kwenye kijiwe cha bodaboda hapa Kahama niliwauliza vijana: tarehe 5 Februari ni siku gani? Wakajibu kwa pamoja, "Si bethdei ya CCM!" Basi. Hakuna aliyeongeza neno.

Hawajakosea. CCM ilizaliwa 5 Februari 1977, TANU na ASP zilipoungana. Lakini siku hiyo haikuokotwa barabarani. ASP nayo ilizaliwa Zanzibar 5 Februari 1957. Na katikati, 5 Februari 1967, likatangazwa Azimio la Arusha, ambalo Halmashauri Kuu ya TANU ilikuwa imelipitisha mwishoni mwa Januari. 57, 67, 77. Tarehe hazijipangi hivyo zenyewe, watu ndio huzipanga. Na watu hao hao ndio huchagua kipi kikumbukwe na kipi kisahaulike.

Kilichosahaulika ndicho kinachotuhusu sisi wa huku. Azimio liliyataja madini miongoni mwa njia kuu za uchumi zinazopaswa kumilikiwa na wakulima na wafanyakazi, kupitia serikali na ushirika wao. Sasa tazama kwetu. Bulyanhulu ilianza uzalishaji 2001, Buzwagi 2009. Buzwagi ikafungwa 2021. Bulyanhulu bado inatoa dhahabu, na kupitia Twiga Minerals serikali ina hisa asilimia 16. Ni nyingi? Ni kidogo? Kijiweni hakuna aliyejua hata kama hisa hizo zipo.

Najua kuna watakaonirukia: "Unataka turudi kwenye foleni za sukari?" Hapana. Azimio lilikuwa na makosa yake, na CCM yenyewe ililegeza masharti ya uongozi kule Zanzibar mwaka 1991. Hayo nayo yasemwe siku hiyo hiyo, bila kuoneana haya.

Ombi langu ni dogo. Ngoma zipigwe, keki ikatwe, lakini redio zetu na shule zetu zitenge japo saa moja. Watu walisome Azimio, kisha waulizane: dhahabu iliyotoka chini ya miguu yetu imetuachia nini?

Mtu anayesherehekea siku asiyoijua anacheza ngoma ya mwenzake.

Mnasemaje, wadau?