Mabibo Yaozayo Chini ya Mkorosho

Kila msimu huku Masasi na Newala twaokota korosho, twazipeleka kwenye ghala la ushirika, na mabibo twayaacha chini ya mti yaoze. Lakini bibo ni zito mara nyingi kuliko korosho yake, nalo lina vitamini C kupita chungwa. Basi twatupa mavuno yetu wenyewe.

Wako wanaoyaanika yakawa kochoko, au kuyakamua wakagema uraka. Pesa yapatikana, ila nyumba nyingine zimelizwa na ulevi huo. Je, hakuna njia nyingine? Ipo. Huko Brazil, asili ya mkorosho, maji ya bibo huchujwa, hutiwa chupani na kuchemshwa, yakaitwa cajuína, nayo hayalevyi. Hapa kwetu wataalamu wa Naliendele, karibu na Mtwara, wamefundisha vikundi vya akina mama kutengeneza juisi na jemu.

Ukakasi usikutishe. Tia uji mwepesi wa wanga wa muhogo katika maji uliyoyakamua, koroga, uyaache yatulie. Ukakasi huzama pamoja na wanga. Kisha chuja, uchemshe. Lakini bibo halingoji kesho: okota yaliyoanguka leo, yasiyopondeka, uyakamue leo hii.

Mkitaka kufungua duka, msianze na jengo. Anzeni na chupa safi, mwende SIDO mkapate shauri, kisha mtafute alama ya TBS. Bei ya korosho hupangwa mnadani. Bei ya chupa yako utaipanga wewe.